Kuni za Bure: Nani Aliyelipia Misitu ya Arua na Koboko

Katika West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, barabara ya kutoka Arua kwenda Koboko kupitia Maracha inapita katika nyanda za juu ambako vijiji vimebanana na mashamba yamegawanywa hadi yakawa vipande. Hata hivyo miti haikosekani. Kuna vishamba vya mikaratusi kila upande, kimoja nusu ekari, kingine safu mbili tu kwenye mpaka wa shamba la muhogo. Ukishuka mashariki kuelekea mto Nile, kwenye mbuga za Rhino Camp na Aringa ambako kwa muda mrefu watu walikuwa wachache na ardhi ilikuwa tele, ndiko miti ya asili ilikofyekwa kwa kasi katika miongo ya karibuni. Picha hii haiafikiani na maelezo yaliyozoeleka maofisini na kwenye semina, kwamba watu wameongezeka, hawajaelimika juu ya mazingira, na kwa hiyo msitu umekwisha. Kama wingi wa watu peke yake ndio unaomaliza miti, Maracha ingekuwa jangwa na Rhino Camp ingekuwa pori. Ninachodai hapa ni jambo jingine. Katika West Nile, kwa zaidi ya miaka mia moja, kila aliyehitaji kuni kwa wingi, awe serikali, kampuni ya tumbaku au shirika la misaada, alizihesabu kuwa kitu cha bure, na gharama ya kuziotesha upya akamwachia mwanakijiji aliye karibu. Miti ilisimama pale tu ambapo mtu mwenye haki inayojulikana juu yake alikuwa na cha kupata kwa kuiacha isimame.

Kabla ya ukoloni haki hizo zilikuwepo, ingawa hazikuandikwa popote. John Middleton, mwanaanthropolojia aliyeishi na Walugbara, watu wa nyanda hizi, kuanzia 1949 hadi 1952, aliandika juu ya wazee wa ukoo walioshughulikia mvua na vijisitu vyao, mahali palipotunzwa mawe ya mvua ndani ya chungu, pasipokatwa mti wala kulimwa. Milima miwili mikubwa, Eti na Liru, nayo ilikuwa na heshima yake, kwa kuwa masimulizi yanawaweka huko mashujaa wawili wa mwanzo wa Walugbara, Dribidu kwenye Eti na Jaki kwenye Liru, mlima ulio upande wa Koboko. Tusiyapambe haya kuliko yalivyokuwa. Sehemu kubwa ya nchi haikuwa msitu mnene bali mbuga yenye miti iliyotawanyika, na mbuga hiyo iliendeshwa kwa moto: nyasi zilichomwa kiangazi kwa ajili ya uwindaji na malisho, shamba la wimbi au mtama likilimwa misimu michache kisha likaachwa lipumzike hadi vichaka virudi. Kijisitu cha mvua kilikuwa kidogo sana ukikilinganisha na nchi nzima. Lakini kilikuwa na mwenyewe. Aliyekata pale alijulikana, na aliyekilinda alipata kitu kwa kukilinda: mamlaka, sadaka, na sauti katika ugomvi wa ardhi. Hata shamba lililopumzika lilikuwa na ukoo wake, uliojua litalimwa tena lini na nani.

Serikali ya Uganda ilifika kwa kuchelewa. Eneo hili lilikuwa ndani ya Lado, alilopewa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alitawale maisha yake yote. Alipofariki Desemba 1909 likaenda Sudan, na mwaka 1914 sehemu ya kusini ikahamishiwa Uganda, kisha mkuu wa wilaya wa kwanza, A. E. Weatherhead, akaweka boma Arua. Kuanzia hapo mipaka ya miti ikaanza kuchorwa na watu wengine. Hatua za kupambana na malale ziliwaondoa watu kando ya Nile, na ardhi iliyobaki tupu ikaonekana baadaye kama pori la asili linalofaa kuhifadhiwa wanyama. Jina la Rhino Camp linawakumbuka vifaru weupe waliokuwepo huko. Idara ya Misitu, ambayo Uganda ilikuwa nayo tangu 1898, ikatenga hifadhi kwenye milima ya Wati (ndio ule ule Eti), Liru na Kei, yaani serikali iliweka mawe yake ya mpaka pale ambapo wazee walikwisha kuweka yao. Pembeni ya miji ikapandwa mikaratusi ya kuni. Hifadhi ya Barifa, ambayo leo imezungukwa na jiji la Arua, ina asili hiyo. Mantiki yake ilikuwa wazi: maofisa, askari na hospitali walihitaji nishati ya uhakika, na serikali ilikuwa tayari kupanda miti kwa ajili yao. Vijijini haikuwa tayari. Kule ilitoza kodi ya kichwa na kutangaza kwamba miti fulani yenye thamani ni miti iliyohifadhiwa, isikatwe bila kibali hata ikiwa imeota kwenye shamba la mtu. Sheria ya Misitu ya 1964, baada ya uhuru, iliendeleza wazo hilo hilo. Mkulima aliyeona mche wa mvule unachipua katikati ya mtama wake alikuwa na kila sababu ya kuung'oa ukiwa mdogo, kwa maana ukikua angebeba kivuli chake na hasara yake, na mbao zake ni za serikali.

Kodi ilihitaji fedha, na fedha West Nile hazikuwepo. Pamba ilikuwa mbali mno na soko, basi wilaya ikageuzwa ghala la vibarua. Wanaume wa Kilugbara na wa Kialur walikwenda kusini kwenye mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi na kwa wakulima wa Buganda. Mwaka 1954 Middleton na D. J. Greenland walichapisha makala juu ya ardhi na watu wa wilaya hii. Katikati ya nchi ya Walugbara watu walikuwa zaidi ya 200 kwa maili moja ya mraba, na muda wa kupumzisha ardhi ulikuwa unafupishwa. Hapa ndipo wengi huishia: ardhi imebanwa, miti imekwisha, hesabu imefungwa. Mimi naona ndipo hesabu inapoanza. Nyumba ambayo mwanamume yuko Lugazi miezi kadhaa ina upungufu wa mikono kuliko upungufu wa ardhi, na zao linalofaa nyumba hiyo ni lile lisilotaka kupaliliwa kila juma. Mkaratusi ni zao la namna hiyo. Ukishapita mwaka wa kwanza na mbuzi hawajaufikia, unajilea wenyewe. Ukikatwa baada ya miaka michache kwa ajili ya boriti, kisiki kinachipua tena, mara ya pili na ya tatu. Na kwenye ardhi ya ukoo, mti uliopandwa ni ushahidi kwamba mwenye shamba hajalitelekeza. Kwa mtu anayefanya kazi mamia ya maili kutoka nyumbani, safu ya miti mpakani ilikuwa ulinzi dhidi ya binamu mwenye tamaa kama ilivyokuwa chanzo cha boriti.

Tumbaku ndiyo iliyofanya kuni ziwe suala la uchumi wa wilaya nzima. Kampuni ya British American Tobacco (BAT) ilikuwa imejenga kiwanda Jinja mwishoni mwa miaka ya 1920, na kuelekea katikati ya karne West Nile ikawa moja ya maeneo yake makuu ya kununua majani: Maracha, Terego, Aringa, Koboko. Tumbaku ya mvuke haiuzwi mbichi. Majani hupangwa kwenye vijiti, vijiti huning'inizwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, na moto huwashwa kwenye tanuri, joto likipanda hatua kwa hatua mchana na usiku kwa takribani wiki moja. Moto ukizimika usiku wa manane, jani linaharibika na daraja linashuka. Kwa hiyo mkulima hawezi kubana kuni. Anaongeza gogo kuliko kuhatarisha mavuno. Sasa angalia hesabu ilivyopangwa. Mbegu, mbolea na dawa kampuni ilikopesha, ikaziandika, ikazikata siku ya malipo. Daraja la jani na bei yake vilitangazwa na mnunuzi. Kuni hazikuandikwa popote. Hazikuwa mkopo, hazikuwa gharama, na hazikuwa sehemu ya bei. Zilitoka porini kwenye bega la mkulima, kichwani kwa mkewe na watoto wake. Kilo ya tumbaku iliyosafirishwa Jinja ilikuwa imebeba ndani yake sehemu ya mbuga ya Aringa ambayo hakuna aliyeilipia. Ndiyo maana ukulima huu ulikimbilia kwenye nchi yenye watu wachache. Si kwamba udongo wa huko ulikuwa bora siku zote, bali kuni zilikuwa bado karibu, na pale zilipokwenda mbali, bani jipya lilijengwa mbele zaidi.

Watetezi wa kampuni watajibu kwamba ndiyo iliyosambaza miche ya mikaratusi kwa maelfu ya wakulima na kuwadai wapande kama sharti la mkataba. Ni kweli, na ni jibu lenye uzito. Vishamba vingi vinavyoonekana leo Maracha na Koboko vina asili katika miche hiyo, na wakati ambapo Idara ya Misitu haikuwa na gari wala mafuta, bwana shamba wa tumbaku ndiye pekee aliyefika kijijini akizungumzia miti. Lakini tuangalie nani alitoa nini. Kampuni ilitoa mche, ambao ni sehemu ndogo kuliko zote katika gharama ya mti. Ardhi ilitoka kwa mkulima, kwenye wilaya ambayo nusu ekari iliyopandwa mkaratusi ni nusu ekari iliyotolewa muhogo. Kulinda, kupalilia na kusubiri miaka minne au mitano vilikuwa vyake. Kama bei ya jani ingehesabu yote hayo, sharti lisingehitajika, kwa sababu mtu hashurutishwi kupanda kinachomlipa. Ushahidi ulio bora zaidi ulikuja baadaye. BAT ilifunga kiwanda chake cha Kampala mwaka 2013 na baada ya hapo ikaachana na biashara ya kununua majani Uganda. Kampuni nyingine zilichukua nafasi kwa kiasi, na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ikapitishwa 2015. Wakulima wengi wakaiacha tumbaku. Mikaratusi hawakuing'oa. Waliendelea kuipanda, bila mkataba na bila bwana shamba, kwa kuwa sasa ilikuwa na wanunuzi wengine.

Kati ya kuenea kwa tumbaku na kuondoka kwa BAT kuna jeraha la vita, ambalo historia ya misitu ya mahali hapa haiwezi kulikwepa. Idi Amin, Mkakwa wa Koboko, alipoangushwa mwaka 1979, kisasi kilimwangukia kila aliyetoka West Nile. Kuanzia Oktoba 1980 jeshi na waasi walipambana katika vijiji, na watu wa Arua, Koboko na Aringa wakakimbilia Zaire na Sudan kwa mamia ya maelfu. Wengi hawakurudi hadi katikati na mwisho wa miaka ya 1980. Mashamba yaliyolala miaka mitano au sita yaliota vichaka. Waliporudi walihitaji kila kitu kwa wakati mmoja, boriti za nyumba, tofali za kuchoma, fedha za kuanzia, na kitu pekee kilichokuwa kimeongezeka walipokuwa hawapo ni miti. Kuikata hakukuwa ujinga. Ilikuwa njia ya kujijenga upya kwa mtaji uliokuwepo, na yeyote anayelaumu angetaja kwanza ni mtaji gani mwingine waliopewa.

Serikali iliyoingia baada ya vita hivyo ilikuja na ugatuzi, na hapa panastahili uangalifu, kwa sababu maneno yalikuwa mazuri kuliko hesabu. Madaraka ya misitu yalipelekwa wilayani mwaka 1993, yakarudishwa Kampala miaka miwili baadaye, na mwaka 1998 hifadhi zikagawanywa rasmi kati ya serikali kuu na wilaya. Hifadhi kuu zilikuwa 506, zenye zaidi ya hekta milioni moja. Hifadhi za wilaya zilikuwa 192, na zote kwa pamoja, nchi nzima, hazikufika hekta 5,000. Wilaya zilipewa kazi ya kusimamia misitu iliyo nje ya hifadhi, ambayo ni kazi ya matumizi, na zikanyimwa misitu yenye mapato. Sheria ya mwaka 2003 na Mamlaka ya Taifa ya Misitu iliyoanza 2004 zilisafisha uongozi wa hifadhi kuu, lakini ofisa misitu wa Arua, na wa Koboko baada ya kuwa wilaya mwaka 2005, alibaki na njia moja ya kuijaza bajeti yake: vibali vya makaa na mbao. Ofisi inayoishi kwa ushuru wa gunia haina nguvu ya kuzuia gunia. Hata ruzuku ya kupanda miti ya mbao, iliyofadhiliwa na Umoja wa Ulaya tangu wakati huo, ilibuniwa kwa wenye ardhi kubwa, na ni nani Maracha mwenye ardhi kubwa?

Pingamizi kubwa zaidi dhidi ya hoja yangu linatoka hapa. Msitu wa Uganda ulishuka kutoka asilimia 24 ya ardhi mwaka 1990 hadi karibu asilimia 9 mwaka 2015, na hasara kubwa ilitokea nje ya hifadhi, kwenye ardhi ya watu binafsi na ya ukoo. Si hiyo ni dalili kwamba serikali ndiyo mlinzi, na mwanakijiji ndiye mharibifu? Nakubali takwimu na nakataa hitimisho. Mti wa asili kwenye ardhi ya ukoo ulikuwa na mwenyewe kwa jina tu. Sheria ya 2003 inamtambua mwenye msitu binafsi na msitu wa jamii, lakini kusajili msitu wa jamii kunataka kupimwa, mpango wa usimamizi na safari nyingi ofisini, wakati kuukata kunataka panga. Mti uliosimama haukuweza kukopewa wala kuuzwa kwa bei ya haki. Makaa yaliuzika jioni ile ile kando ya barabara. Kuhusu hifadhi za West Nile zilizobaki na miti, milima ya Kei na Wati, tukumbuke kwamba miinuko, mawe na umbali vilifanya sehemu kubwa ya ulinzi. Barifa, iliyo tambarare na karibu na watu, imekuwa ikigombaniwa kama kiwanja cha mji. Mwezi Mei 2023 Rais alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini mwa nchi. Marufuku hiyo inapandisha bei ya gunia mjini bila kumpa mwenye mti hata shilingi moja ya kuungoja mti ukue. Anayefaidika na pengo hilo ni mwenye lori anayejua njia za usiku.

Hakuna mahali ambapo dhana ya kuni za bure ilidhihirika kama kwenye makazi ya wakimbizi. Vita vya Sudan Kusini vya Julai 2016 vilileta watu wengi kiasi kwamba Bidi Bidi, iliyofunguliwa Agosti mwaka huo katika wilaya ya Yumbe, nchi ya Aringa, ilipokea zaidi ya robo milioni ndani ya miezi michache. Makazi ya Rhino Camp na Imvepi yakapanuliwa. Koboko ilikwisha kuwa na makazi ya Lobule kwa Wakongo. Ardhi ilitolewa na wazee wa koo, wengi wao waliowahi kuwa wakimbizi Yei, Sudan, au Aru, Zaire, na ukarimu huo hauna mfano mwingi duniani. Walitarajia shule, visima, barabara na zahanati, na sera ya Uganda iliahidi sehemu ya misaada, asilimia 30, kwa wenyeji. Chakula kililetwa kwa malori kutoka mbali. Moto wa kukipikia haukuletwa. Tathmini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) ya mwaka 2017 ilikadiria kilo 3.5 za kuni kwa mtu mmoja kwa siku Bidi Bidi, jumla ya zaidi ya tani 900 kila siku. Mashirika yalipaka rangi miti isiyotakiwa kukatwa, yakagawa majiko banifu na miche. Maharage makavu na mahindi yaliyogawiwa yanachemka kwa saa nyingi. Aliyepanga mgao huo alipanga pia ukataji wa miti, ajue asijue. Na waliopigana vichakani juu ya kuni walikuwa wanawake wawili maskini, mwenyeji na mgeni, kila mmoja akitafuta kitu ambacho bajeti ya mamilioni ya dola iliona hakina bei.

Upande wa pili wa sarafu uko sokoni. Baada ya amani ya Sudan ya 2005, ujenzi wa Yei na Juba ulitafuta boriti na nguzo, na Koboko iko njiani. Mbao za mkangazi na miti mingine ya Ituri, Kongo, hupita Ariwara na kuingia Vurra kuelekea Kampala; misaji iliyopandwa na Waingereza Loka, kwenye barabara ya Yei, ilivuka mpaka wakati wa vita kwa bei ya kutupa. Mbao za bure za jirani zilishusha bei ya mbao halali za Arua, lakini boriti nyembamba ya mkaratusi haikuwa na mshindani, kwa kuwa hakuna aliyesafirisha fito kutoka Kongo. Hapo mwenye nusu ekari alipata bei, na alipopata bei alipanda. Alilipia karo za shule kwa kukata safu moja kila Januari.

Mikaratusi si msitu, na hili ni pingamizi la mwisho ninalolikubali kwa moyo wote. Haina matunda ya kuliwa, nyuki wake ni wa msimu, na haifai kwenye vyanzo vya maji. Upungufu wake mkubwa hata hivyo ni wa kijamii. Kupanda mti ni kudai ardhi, na ardhi ya ukoo inadaiwa na mwanamume. Mkewe huokota matawi na magamba kwenye kishamba anachokipalilia, lakini boriti huuzwa na mumewe. Linganisha mikaratusi na mti wa shea, unaoota wenyewe kuanzia Terego hadi Aringa. Kwa desturi uliachwa shambani kwa sababu matunda yake ni ya wanawake, wanaoyaokota, kuyakausha na kukamua mafuta ya kula na ya kuuza. Shina liko kwenye ardhi ya mume, na makaa ya shea ni mazito, yanashika moto muda mrefu, yanapendwa mjini. Mpaka bei ya makaa ilipopanda, haki hizo mbili zilikaa pamoja bila kugongana. Sasa mti mmoja una thamani mbili, moja inayolipwa kidogo kidogo kila mwaka kwa mwanamke, nyingine inayolipwa mara moja kwa mwanamume, na kila sheria ya misitu iliyotungwa tangu 1898 imeandikwa kana kwamba nyumba ina mwenye mti mmoja. Chama cha wanawake wa Terego wanaokamua shea kinaweza kupata mashine na mnunuzi wa nje, na mafuta yakapanda bei maradufu, bila mwanachama hata mmoja kuwa na haki ya kumwambia shemeji yake asiukate mti.